Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo: hao konokono wako wala nyama wabaki hukohuko

Mheshimiwa Afisa Kilimo wa wilaya yetu, shikamoo.

Naandika hapa hadharani kwasababu ofisini nimeshakuja mara tatu, mara uko fildi, mara uko semina, mara ya tatu sekretari akasema niache namba, nikaacha, mpaka leo simu haijalia.

Konokono wamenimaliza. Hawa wakubwa wa kahawia wenye michirizi, mmoja tu anajaza kiganja. Miche 200 ya kabichi niliyonunua kwa hela ya kikoba imeliwa siku mbili, maharage ndo usiseme, sasa wamehamia ukutani wanakwangua chokaa ya jiko niliyopaka Krismasi, usiku nawasikia kabisa krr krr. Mwanangu wa sekondari anasema wanatafuta chokaa wajengee magamba yao. Haya, jiko langu limekuwa duka la vifaa vya ujenzi.

Mwezi wa kwanza uliahidi dawa na mtaalamu, tukakupigia makofi. Dawa sijaiona. Halafu Jumanne kwenye mkutano unakuja na mpya, eti waletwe konokono wanaokula konokono wenzao! Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Hilo lilishafanyika mheshimiwa. Hawa wakubwa asili yao Afrika Mashariki hukuhuku, walipofikishwa visiwa vya Tahiti kule Bahari ya Pasifiki wakawa balaa, mwaka 1977 kisiwa kimojawapo, Moorea, watu wakaleta huyo mla nyama asili yake Marekani. Unajua alichofanya? Akawageukia konokono wa miti, Partula, vidogo hata sentimita mbili havifiki, havitagi, vinazaa watoto hai, na akina mama wa kule walikuwa wanatunga mikufu kwa magamba ya vikonokono hivyo. Kufika 1987 vilitafutwa porini pale Moorea vikakosekana, karibu vyote vilivyopona ni vile vilivyowahiwa kupelekwa zuu, London mojawapo. Hao wakubwa je? Wapo.

Na sisi huku migombani tuna vikonokono vyetu vidogo vimejibandika chini ya majani, havijamkosea mtu.

Dawa, mheshimiwa. Ile ile uliyoahidi. Kama hakuna basi mtume huyo mtaalamu, naye kama hakuna sema hakuna, maana mimi kila usiku naokota na tochi ya simu, ndoo inajaa kabla sijamaliza tuta la pili, na mgongo ndo huu.

Nyumbani unapajua. Ni pale ulipokula ndizi mwezi wa kwanza ukaomba na za kubeba.