Priampu ya milioni tatu si ya kutikisa nyumba

Bwana Mhariri,

Niruhusu nimjibu yule msomaji aliyeandika ati watu wanaonunua mashine za muziki za mamilioni ni wendawazimu wanaotafuta voliumu ya kutikisa nyumba. Hapo kwa wendawazimu sitabishana sana. Lakini hapo kwa voliumu amekosea kabisa, na mimi siongei ya kuambiwa, hiyo kitu nimeisikiza na masikio yangu karibu majira yote ya baridi yaliyopita.

Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na kama Wakenya wengi huku kazi yangu ni kuangalia wazee, shifti ya usiku. Kuna mzee nilikuwa namwangalia ana priampu, yaani ile mashine ya kurekebisha sauti kabla haijafika kwa amplifaya, ya kampuni ya Audio Research, ile Reference Anniversary waliyotoa 2010 kampuni ilipofikisha miaka 40. Hiyo kampuni ilianzia hapa hapa Minnesota, 1970, mwanzilishi ni William Zane Johnson, na wakati huo kila mtu alikuwa anakimbilia transista, valvu, zile chupa za kioo zinazowaka na kupata moto, zinaonekana ni mambo ya redio za babu, yeye akashikilia valvu zake. Bei ilipotoka ilikuwa dola 24,995. Kwa pesa ya Kenya sai hiyo ni zaidi ya milioni tatu, yaani ploti na msingi juu yake, na bado hujanunua spika, hujanunua amplifaya ya kusukuma hizo spika, hujanunua hata waya. Alafu haina mahali pa kuchomeka gramafoni moja kwa moja, lazima kuwe na kaboksi kengine ka kukuza ile sauti ndogo ya sindano kwanza, na hako nako kana bei yake. Mzee aliponieleza nilicheka mpaka akanuna.

Sasa wengi wanachanganya hapa, priampu siyo inayosukuma spika. Inakaa katikati, unachagua kama ni CD ama gramafoni, unapandisha ama unashusha sauti, alafu inapitisha kwa amplifaya kubwa. Kilichonishangaza ni kwamba mara nyingi kazi yake ni kupunguza wala si kuongeza, kwa sababu CD pleya ya kawaida inatoa kama volti 2 na amplifaya nyingi hizo volti 2 zinazitosha kabisa kufika mwisho wa nguvu zake. Kwa hivo mtu anatoa milioni tatu ili sauti ishushwe bila kuharibika. Na kushusha bila kuharibu ndiyo kazi ngumu, kwa sababu ukishusha vile vitu vidogo ndivyo hupotea kwanza, manyanga, pumzi ya mwimbaji, gita linavyofifia likiisha.

Usiku wa kwanza sikusikia kitu. Namaanisha hivo. Mimi nimelelewa na redio moja ya betri na baadaye matatu, kwangu mashine nzuri ni ile besi inakugonga kifua ukiwa bado stejini. Hii niliona maboksi mawili, namba za kijani zinawaka mbele, ukiiwasha inakaa kimya kwanza mpaka valvu zipate moto, mzee akaweka piano, nikasikia piano. Nikamwambia ni nzuri kwa heshima tu, nikaenda kumtengenezea chai.

Kilichonibadilisha ni 45, zile santuri ndogo, za marehemu baba, ambazo nilikuja nazo huku zimefungwa kwa leso. Wenye umri wangu mnazijua, rumba zilizorekodiwa Nairobi, wimbo ni mrefu kuliko upande mmoja kwa hivo unakatwa katikati, Part 1 upande huu, Part 2 upande ule, unaamka unageuza. Ule wimbo nimeusikia tangu nikiwa mtoto, nilidhani naujua wote. Usiku huo ndiyo nikagundua magita ni matatu. Matatu! Miaka yote nilikuwa nahesabu mawili, kumbe kuna jamaa katikati anapiga kitu kilekile polepole bila kuchoka na hao wengine wawili wanacheza juu yake. Mpiga besi unasikia kidole kikiachia kamba. Waimbaji wanapoitikia, mmoja anasikika amesimama nyuma kidogo ya wenzake, sijui alikuwa mfupi ama aliona haya. Na sauti ilikuwa chini, mzee alikuwa anasinzia, tungeongea bila kupaza sauti. Hapo nikaelewa anacholipia. Hakuna kilichoongezwa. Kuna kitu kama pazia chafu kimeondolewa mbele ya watu ambao walikuwepo siku zote.

Lakini niseme na mabaya yake, si ati nimelishwa yamini. Hii mashine haina huruma. Niliweka nyimbo za kwa simu, zile watu wametoa kwa kaseti wakazibana wakazituma WhatsApp, zikatoka kama uji wa jana, bapa, manyanga yanatoa shhh tu kama mafuta ya kukaanga. Kwa spika ya simu nilikuwa nazifurahia. Kila mkwaruzo kwa 45 unausikia mahali uko. Na valvu zina mwisho wao, si kitu unanunua unasahau, tena ni valvu za Kirusi, 6H30, fundi wa pale mtaani kwenu hatakuwa nazo kwa droo. Joto lake Januari hapa Minnesota ni baraka, Mombasa sijui ungeiweka chumba gani.

Alafu kuna siku kijana wa mzee alileta kapriampu ka bei rahisi, akabadilisha waya mwenyewe, akaniambia haya, sema tofauti. Dakika za kwanza nilishindwa. Nikasema ile kubwa ni bora, alafu akanionyesha kumbe nilikuwa nachagua ile iliyokuwa juu kidogo kwa voliumu, na masikio ya binadamu ndivyo yalivyo, kitu kikiwa juu kidogo tu unakiona kitamu zaidi. Tukasawazisha, tofauti ikapungua sana. Haikuisha, naapa, yule mtu wa gita la tatu kwa kale kadogo alikuwa anapotea wimbo ukichangamka, lakini pia nilikuwa najua ni mashine gani inacheza, kwa hivo chukueni hayo maneno na chumvi yake. Kama ni pesa yangu ningetafuta kwanza spika nzuri na nizitoe zile zimebanwa kwa kona nyuma ya kochi, hiyo ya kuzitoa haina hata gharama na tofauti yake hata mama mkwe ataisikia.

Kwa hivo huyo msomaji mwenzangu awaite wendawazimu, sawa, lakini aseme ni wendawazimu wanaotafuta kusikia kitu kidogo sana kikiwa chini sana.

Mzee amehamia kwa mtoto wake sai na priampu imeenda naye, mimi nimerudi kwa redio yangu. Lakini nina shida moja, Bwana Mhariri, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika. Zile 45 za baba nyingi zimekwaruzika upande wa Part 2, palepale magita yanapoanza kukimbizana, inaonekana ndipo alipokuwa akirudisha sindano kila mara. Kama kuna msomaji ana 45 za rumba za Nairobi za miaka ya 70 na mwanzo wa 80, upande wa pili ukiwa bado mzima, aandike hapa kwa gazeti. Nitalipa bei yake na posta, na kama hataki kuuza basi aniambie tu kama na yeye anasikia magita matatu.

Msomaji wenu,
Brooklyn Park, Minnesota