Kuhusu ile __init__ yako

Sahibu yangu,

Ama baada ya salamu, mimi mzima na nyumbani wote hawajambo. Swali lako limenichekesha: eti katika Python unaweza kuita methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi, kile kiolezo cha objekti) ndani ya `__init__`, ile inayoandaa objekti mpya, au objekti inakuwa bado haijazaliwa? Imeshazaliwa. `__new__` ndiyo inayoiumba, kisha Python inaikabidhi kwa `__init__` kwa jina la `self`, ivishwe tu data yake. Kwa hiyo `self.piga_hesabu()` humo inaitika bila taabu. Ukisahau `self` utapata NameError. Ukisahau mabano ni balaa zaidi, maana Python inanyamaza na hesabu haipigwi.

Mimi lakini niliumwa kwingine. Nilikuwa naandika programu ya ankara za duka, nikafanya hivi:

```
class Ankara:
    def __init__(self, bei):
        self.bei = bei
        self.jumla = self.piga_hesabu()

    def piga_hesabu(self):
        return self.bei

class AnkaraYaVAT(Ankara):
    def __init__(self, bei, kiwango):
        super().__init__(bei)
        self.kiwango = kiwango

    def piga_hesabu(self):
        return self.bei * (100 + self.kiwango) / 100
```

Nikaita `AnkaraYaVAT(5000, 16)`, nikajibiwa AttributeError: hakuna `kiwango`. Vipi hakuna, na nimekiandika pale pale? Nililala nalo. Asubuhi ndipo nikaona: hata tukiwa ndani ya `__init__` ya mama, yaani klasi ya `Ankara`, `self` bado ni mtoto, `AnkaraYaVAT`, kwa hiyo inayoitwa ni `piga_hesabu` ya mtoto. Nayo inataka kiwango ambacho mstari wake haujafikiwa.

Nawe uliyetoka kwenye C++ usishangae. Kule konstrakta ya mama ingeita methodi ya mama mwenyewe, hata ikiwa ya virtual (ile ambayo mtoto anaruhusiwa kuiandika upya), na ankara ingetoka bila kodi, kimya kimya. Bora huyu anayepiga kelele.

Nilipandisha `self.kiwango = kiwango` juu ya `super()`, ile inayoita `__init__` ya mama, ikafanya kazi. Sikuridhika, kwani mtoto analazimika kujua siri za jikoni kwa mama yake. Isitoshe, nikibadilisha bei, jumla inabaki ile ya zamani. Mwishowe nikaiondoa jumla kwenye `__init__`, nikaiandika kama methodi yenye `@property` juu yake, ikawa inahesabiwa kila inapoulizwa.

Hiyo klasi yako inayofungua faili wakati wa kuzaliwa, mimi ningeitoa huko. Iandikie `@classmethod` (methodi inayopokea klasi yenyewe, `cls`, badala ya `self`) iitwayo `kutoka_faili(cls, njia)`, isome faili, kisha irudishe `cls(...)` na data mkononi. `dict.fromkeys` ya Python yenyewe imeundwa kwa mtindo huo huo. Na kwa kuwa ni `cls`, klasi za watoto nazo zitazaa za aina yao.

Nitumie msimbo wote, usinikatie vipande kama safari ile. Mama msalimie, mwambie Idi nakuja na deni lake la halwa sijalisahau.

Ni mimi,
sahibu yako