Kabla ya kugombania kibao, tuandike na majina ya zamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Hapa Dodoma watu wanabishana mpaka kwenye daladala, eti kibao cha jina la mahali kiandikwe Ng'hong'onha au Ng'ong'ona, kila mtu anamwona mwenzie hajui kusoma. Mi naona tunagombania kidogo tunaacha kikubwa, maana hivi nani ameweka rekodi ya namna zote ambazo hayo majina yamewahi kuandikwa?

Waingereza wanayo. Chukua Sneinton, zamani kijiji, toka 1877 kimemezwa na jiji la Nottingham. Majina yote mawili yanarudi kwa jina la mtu wa kale, Snot. Sasa mwishoni mwa 1085 mfalme William akataka kujua nani ana ardhi gani na kodi kiasi gani, mwaka 1086 ndo kikatoka kitabu kinaitwa Domesday, watawala wenyewe Wanormani, waliotoka Ufaransa, lugha yao Kifaransa, hiyo Sn ya mwanzo inawapiga chenga mdomoni, basi Sneinton ikaingia kitabuni kama Notintone, S haipo kabisa. Lakini cheki hapa, kitabu hichohicho Nottingham kimeiandika Snotingeham, na S yake! Leo ni kinyume, jiji ndo limepoteza S na kijiji kinayo. Na lile kosa la karani halikutupwa, kuna mtaa huko unaitwa Notintone Place, ndipo alipozaliwa William Booth mwaka 1829, yule mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu.

Sasa turudi nyumbani. Mpwapwa wazee wanasema Mhamvwa, Mjerumani akaandika Mpapua, ramani zake zipo mpaka leo, Kilosa nayo akaipa s mbili. Hayo angalau yamo kwenye makaratasi. Vijiji vidogo je? Huko karani mmoja mgeni asiyejua Kigogo akikosea h moja kwenye fomu basi imetoka hiyo, kesho mtoto anajua hivyohivyo.

Ombi langu gazeti litoe hata robo ukurasa kila wiki, wenye stakabadhi za kodi ya kichwa, vyeti vya ubatizo vya misheni au barua za enzi za mkoloni wapige picha watume, waandike na mwaka, hata kama jina limekosewa msilirekebishe. Mi naanza na cheti cha babu, kijiji chetu kimeandikwa Ihumua, picha nimeambatanisha.

Msomaji wenu,
Ihumwa, Dodoma