Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Sabaki

Assalam aleikum ndugu zangu wa Malindi na Mambrui. Natafuta mtu wa kumshukuru, na jina lake silijui.

Mnaoujua Sabaki mnajua mvua za bara zikikolea mto hushuka mwekundu kwa tope, mpaka bahari ya Malindi ikabadilika rangi. Safari hii ulikula ukingo wa kiunga chetu, ukaacha matope hadi mlangoni pa banda. Pepo za kusi zilikuwa zimeanza kulegea, za kaskazi ziko njiani, na mashua yetu bado iko juu ya magogo, mbao zimekauka zikaachana.

Mzee mmoja akapita na baiskeli. Akasimama, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga wa pili. "Huu umeoza ndani, mwanangu. Usinipakie rangi hapa." Tulipoubadilisha, akaketi mchangani kutia kalafati: pamba anaisokota pajani, anaichovya mafuta, anaishindilia kwenye mwanya kwa patasi butu, taratibu. Deheni tuliipaka pamoja kwa mikono, shahamu na chokaa. Harufu yake, Mungu atuhifadhi, bado imo kwenye shati langu! Pesa alikataa, akakubali madafu tu. Ukingoni mwa mto pia alinionyesha pa kupanda matete yashike udongo.

Baba, kama mwanao anakusomea haya: mashua imeshuka na bamvua, maji makuu ya bahari, haivuji. Allah akulipe kheri. Ukipita tena upande huu usinipite, kitoweo chako kipo.