Rubani msaidizi naye asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Mvua za masika yaliyopita zilinikuta ndani ya ndege ya asubuhi, natoka Dar es Salaam kurudi nyumbani Mtwara. Wingu lilikuwa limelala juu ya mji. Tulishuka hadi nikaanza kuona minazi, mara injini zikanguruma, ndege ikainua pua na kurudi juu. Ikazunguka, ikajaribu tena, ikashindikana. Tukarudishwa Dar.

Abiria waliwaka. Mmoja alikuwa anawahi mazishi Newala, mwingine ana kesi mahakamani. Wakasema rubani ni mwoga, wakasema siku hizi wanapewa ndege watoto. Mimi niliikumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyoanguka ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19 kati ya 43 waliokuwamo. Lakini sikufungua mdomo mbele ya wale wanaume wenye hasira, na kunyamaza kule ndiko kumenifanya niandike barua hii.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34. Katika miaka ya themanini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, daktari wetu mkubwa aliandika dripu ya kwinini ya miligramu 600 kwa mtoto wa kilo kama 12. Hiyo ni dozi ya mtu mzima. Niliiona. Nikaisoma mara mbili, nikajiambia daktari anajua anachofanya, nikaanza kuandaa dripu. Aliyemwokoa mtoto yule ni binti mwanafunzi wa uuguzi, ambaye hakuthubutu kusema daktari amekosea. Aliuliza tu, "Mama, huyu mtoto ana kilo ngapi?" Mikono yangu ilikufa ganzi. Daktari alipoitwa alirekebisha palepale, hakugomba hata kidogo. Hofu ilikuwa yetu sisi.

Sisi wa kusini tunaijua hofu hiyo vizuri. Jandoni na unyagoni mtoto hufundishwa kukaa chini na kusikiliza, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami nimewalea wanangu hivyo hivyo na siyajutii malezi hayo. Ila ndani ya chumba cha marubani kuna siku ambayo guu litavunjika kwa sababu mdogo alilisikia la mkuu, akanyamaza.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, katika ukungu. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko ile. Rubani mkuu wa ndege mojawapo, ya KLM, shirika la Uholanzi, alikuwa mwalimu wa marubani, mtu wa sifa katika shirika lake. Alianza kukimbiza ndege kabla ya kuruhusiwa kuruka. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imeondoka, na baada ya hapo hakuuliza tena. Kila ninaposoma habari ile namwona binti yangu wa wodini, tofauti ni kwamba yeye alijibiwa vingine.

Mwaka uliofuata, Desemba 1978, ndege ya shirika la United iliishiwa mafuta na kuanguka karibu na Portland, Marekani. Rubani mkuu alikuwa ameshughulika na hitilafu ya magurudumu, na wenzake walimdokeza habari ya mafuta kwa upole mno. Walikufa watu 10. Hapo ndipo yalipoanza mafunzo ya marubani kufanya kazi kama timu: mdogo afundishwe kusema wazi, mkubwa afundishwe kusikia. Baadaye Korean Air, shirika la Korea Kusini, baada ya ajali ya Guam ya mwaka 1997 iliyoua watu 228, ilifika mahali pa kuwataka marubani wake wazungumze Kiingereza kazini. Wapo wanaosema sababu mojawapo ni kwamba Kikorea kina ngazi nyingi za heshima, na mdogo hutumia maneno mengi kabla ya kulifikia jambo. Nasi tuna shikamoo yetu.

Kwa kanuni za kimataifa rubani hupata leseni ya biashara akiwa na saa zipatazo 200 za kuruka, na leseni ya juu kabisa akiwa na saa 1,500. Kwa hiyo kijana wa saa mia chache anaweza kukaa bega kwa bega na mzee wa saa elfu kumi. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni kijana huyo kuona kasi inapungua, au mwinuko si sahihi, akafikiri kama nilivyofikiri mimi na dripu mkononi.

Nayasema haya kwa sababu mambo yetu ya anga yanatazamwa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, ukitaja upungufu wa wataalamu na usimamizi usiotosha. Nimesikia watu wakisema ni dharau ya Wazungu. Wodi yangu ilikaguliwa mara nyingi. Mkaguzi huudhi, lakini chupa iliyokwisha muda aliyoikuta kabatini ilikuwamo kweli.

Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inapoajiri na kufundisha wakaguzi zaidi, iwaagize wakae nyuma ya marubani na kusikiliza wanavyosemeshana, si kuhesabu saa na vyeti peke yake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho kinajenga uwezo wa kufundisha marubani hapahapa nchini, kisisubiri kijana afike kwenye ndege kubwa ndipo afunzwe kumwambia kapteni, "Pandisha, tusitue." Maneno hayo yafanyiwe mazoezi tangu mwanzo, mpaka ulimi uzoee. Na mashirika yatangaze kwamba rubani aliyeghairi kutua hataulizwa habari ya gharama ya mafuta.

Huku kwetu ndege si anasa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar kule Somanga, kila mtu alilijua hilo, na wagonjwa wa kupelekwa Muhimbili walilijua zaidi.

Ile siku tulipofika Dar, marubani wawili walisimama mlangoni. Msaidizi alikuwa msichana, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Abiria walimpita bila salamu. Nilimwuliza nani aliyesema tusitue. Akamtazama kapteni wake kwanza, kisha akajibu, "Mimi, bibi." Kapteni akaongeza, "Nami nikamsikia."

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara