Kaka amekata parachichi zangu, na mchungaji ananiambia ninyamaze

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku. Mvua ya Tukuyu unaijua, tangu jana haijakatika, na mimi sijapata usingizi. Sikuandikii kwa ajili ya shamba. Shamba nimeshamwachia Mungu. Ni lile neno, kwamba mtoto wa kike ni mpita njia. Kaka amelisema mbele ya mama, na mama akaendelea kumenya ndizi.

Ile robo eka baba alinionyesha mwenyewe, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili wakiwepo, karatasi ninayo. Sikumdhulumu mtu. Ni miche 20 ya parachichi aina ya Hass, ya kubebeshwa, yaani kijiti cha Hass kimeungwa juu ya shina la kienyeji, mita 7 kwa 7, kila shimo sentimita 60 na madebe 2 ya samadi. Huu mwaka wa nne, ilishaanza kuzaa. Kaka angekata juu ya pale ilipobebeshwa, ningesema ni hasira, ingechipua Hass ileile. Amekata chini yake, yote 20. Kinachochipua sasa ni kienyeji. Anayejua parachichi anajua mkono huo haukuwa na haraka. Halafu mimi ndiye mpita njia.

Mchungaji amenipa Kutoka 14:14, kwamba Bwana atatupigania nasi tunyamaze. Nimelishika. Nimefunga siku 3. Simu ya kaka ikiita baada ya saa mbili usiku siipokei, maana maneno ya usiku ndiyo yanayoharibu. Kundi la ukoo nimelizima mlio. Kinachosemwa nakiandika kwenye daftari, tarehe na aliyekuwepo, naomba, najibu kesho yake. Mchana inasaidia. Usiku neno linarudi. Na mstari unaofuata, wa 15, Mungu anamuuliza Musa mbona anamlilia, awaambie watu waendelee mbele. Huo mchungaji hakunisomea.

Baraza la kata limetuita mara mbili, kaka hakutokea. Siku hizi wao wanasuluhisha tu, hawahukumu. Siku 30 zikipita bila mapatano, naruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zinaisha Ijumaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, kwa hiyo si kwamba sijui haki yangu. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, hivyo wanaoninong'oneza nisubiri mama apumzike kwanza hawadanganyi, muda upo. Ila machipukizi hayasubiri. Yameshafika unene wa penseli, ndio wakati wa kubebesha. Mwenyekiti anasema nisiguse kisiki mpaka kionwe, nisiharibu ushahidi. Yakikomaa sana hayatashika vizuri.

Nimeshamsamehe kaka, naomba uamini hivyo. Nataka tu alifute lile neno pale pale jikoni alipolisemea. Na alipe miche.

Nikimshitaki, mama ataitwa shahidi. Atasema alisikia, au atasema hakusikia? Hilo ndilo linalonikesha, Shangazi, si kaka. Kumtumaini Mungu hapa ni kwenda wilayani Jumatatu, au ni kubebesha upya na kukaa kimya mama akiwa hai? Na nikikaa kimya, lile neno nilipeleke wapi?

Ni mimi mwanao,
Rungwe