Watazamaji wengi si lazima hisa zipande

Mhariri,

Magazeti yetu huripoti ushindani wa vituo vya televisheni kana kwamba kituo kinachoongoza kwa watazamaji leo lazima hisa zake zipande kesho. Naomba kutofautiana. Tarehe 24 Aprili 2023, Fox News ilipotangaza kuachana na Tucker Carlson, mmoja wa watangazaji waliotazamwa zaidi katika televisheni za kebo nchini Marekani, hisa za Fox Corporation, kampuni inayomiliki kituo hicho, zilishuka kwa takriban asilimia 3, na watazamaji wa saa ya kipindi chake wakapungua sana katika wiki zilizofuata. Hata hivyo kampuni haikuporomoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ya kituo cha namna hiyo hutokana na ada ambazo kampuni za kebo, zinazowauzia watu televisheni ya kulipia, hukilipa kituo kwa kila mteja wao, kwa mikataba ya miaka kadhaa, awe anakitazama kituo hicho au la. Yanayotikisika mapema ni matangazo ya biashara, ambayo bei yake hufuata zaidi idadi ya watazamaji wa miaka 25 hadi 54, si ile jumla ambayo vituo hujisifia (na waandishi hunakili). Tungenufaika zaidi tukielezwa mikataba hiyo ya kebo inamalizika lini.